Mkaa kwenye mlango wa kibanda

Mwaka 2018, siku moja ya soko mwezi wa Julai, nilipoteza shilingi elfu tisa za Kenya bila mtu kuniibia. Nilikuwa nimemuuzia mteja wa ng'ambo ya mpaka magunia 12 ya maharagwe ya nambale, kila gunia 6,400 za kwao. Hesabu ilinijia kichwani papo hapo kama siku zote: 76,800. Kabla sijaitamka, mpagazi akaniuliza mzigo mwingine unapelekwa wapi, simu ikalia, na mama mmoja akaninyooshea noti akitaka chenji. Nilipomgeukia tena mteja wangu nikamwambia bila wasiwasi wowote, "Sitini na saba elfu na mia nane." Akahesabu, akalipa, tukaagana vizuri.

Niligundua usiku, taa iko karibu na daftari. Saba na sita zilibadilishana nafasi mdomoni mwangu. Kwa kiwango cha kubadilishia pesa cha siku ile, 36, nilikuwa nimetupa shilingi 324,000 za Uganda. Pesa iliniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni kitu kingine. Nimefanya biashara ya nafaka hapa Busia, mpakani, upande wa Uganda, tangu nikiwa msichana. Ninaishi kwa kuzidisha na kugawanya sarafu mbili kichwani, huku nikiongea na watu watatu kwa lugha tatu. Namba ilikuwa inakaa kichwani mwangu ikinisubiri, hata nikigombana na dereva katikati. Siku ile haikusubiri. Na kule nyumbani mama yangu, wakati huo akiwa na miaka 78, alikuwa ameanza kutia chumvi kwenye mboga mara tatu, na kumuulizia kaka yake aliyefariki zamani sana. Nilikuwa na miaka 52. Nililala nikijiambia: imeanza.

Kwa mwezi mzima nikawa najichunguza. Nilinunua daftari dogo, kila kosa nikaliandika. Jina la mteja limepotea, limerudi baada ya saa moja. Nimeingia stoo nikasahau nilichofuata. Nimetaja bei ya jana. Daftari lile likanitisha zaidi, maana makosa niliyaandika yote, na mambo niliyoyafanya sawasawa siku hiyohiyo sikuyaandika hata moja. Jirani yangu wa kibanda aliponiona nimeanza kutumia kikokotoo cha simu akasema, "Eh, umezeeka sasa." Hakuwa na ubaya. Lakini sokoni neno hilo ni kama kumwambia mtu asogee, ampishe mwingine.

Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi hakuniuliza kwanza habari za kusahau, alinifunga kipimo mkononi. Presha ilikuwa 170 kwa 100. Aliniuliza ninalala saa ngapi nikamwambia saa tano na ninaamka saa tisa za usiku kuwahi malori. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba mishipa ya damu inayopeleka damu kwenye ubongo huumizwa polepole na presha ya miaka mingi, na kwamba kinga ya ubongo wa uzeeni huanza katika umri wangu ule. Kisha akanifafanulia tofauti ambayo ningetamani kila mtu aisikie: kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni jambo la watu wote, ila kushika ufunguo na usijue ni wa nini, au kupotea kwenye njia uliyopita maisha yako yote, hilo lipeleke hospitali. Nilianza dawa. Sijaziacha mpaka leo.

Desemba ile alikuja mpwa wangu Wandera, aliyekuwa amemaliza saikolojia pale Makerere. Nilimweleza kila kitu, daftari nikampa. Alilisoma lote, akacheka kidogo kwa upole, akaniambia, "Shangazi, tukae, nikupime, halafu nawe unipime."

Alinisomea tarakimu moja baada ya nyingine nizirudie kinyumenyume. Nne niliweza. Tano zikanipiga chenga. Yeye nilipomsomea mimi alifika saba. Nikasema unaona? Akasema bado. Akanitaka tupimane maneno: mimi nimtajie neno aeleze maana, naye anitajie. Nikaanza na vitu vilivyotuzunguka. Bambo. Alijua ni kile chuma chenye ncha na tundu, tunachokichoma kwenye gunia kutoa nafaka ya katikati. Kumvi, yaani maganda ya nafaka, hakulijua. Kupeta alilijua, kupepeta na kupeta zinatofautiana vipi hakujua. Akanitajia ya kwake ya chuoni, nyingi nikaziotea kwa mzizi wake. Tulipohesabu, nilimzidi mara mbili. Akaniambia matokeo yale ndiyo hasa yaliyotarajiwa kwa mtu wa miaka 26 na mtu wa miaka 52.

Akanisimulia habari za Raymond Cattell, mwanasaikolojia aliyezaliwa Uingereza akafanya kazi Marekani, ambaye miaka ya 1940 alipendekeza kwamba kile tunachokiita akili ni angalau vitu viwili. Kuna akili inayotiririka, ya kutatua jambo jipya ambalo hujawahi kuliona, haraka, bila kuegemea ulichosoma. Na kuna akili iliyoganda: maneno, ujuzi, maarifa, njia za mambo. Ile ya kwanza hufika kilele ujanani na kuanza kushuka taratibu mapema kuliko watu wanavyodhani. Ya pili huendelea kupanda hadi umri mkubwa. Wandera alikuwa anatafuta mfano, mimi nikampa: Katwe. Mama alikuwa anauza chumvi ya Ziwa Katwe zamani, ile yenye rangi ya kijivu. Maji yakikauka juani, chumvi inabaki. Mtu anayetazama maji tu atasema ziwa limeisha.

Nilimuuliza ni lini basi mtu huwa na akili kamili. Akasema hakuna umri huo. Joshua Hartshorne na Laura Germine walichapisha mwaka 2015 utafiti wa makumi ya maelfu ya watu waliojipima kwa intaneti. Wepesi wa kuchakata mambo ulifika kilele karibu na miaka 18 au 19. Kushika vitu kichwani kwa muda mfupi kuliendelea kupanda hadi miaka ya ishirini na kitu, kukatulia, kisha kukaanza kushuka baada ya katikati ya thelathini. Kusoma hisia za mtu kwa kutazama macho yake kulikuwa bora kwa watu wa miaka ya arobaini na hamsini. Msamiati ukawa juu kabisa kwa watu wa sitini na kitu, hata karibu na sabini. Kwa hiyo mtu yuleyule, siku hiyohiyo, ana kitu kinachoshuka, kingine kimesimama, kingine bado kinapanda.

Nilifurahi, lakini sikuridhika. Nilimwambia: wewe umenizidi tarakimu kwa sababu umesoma. Hapo alikaa kimya, akasema nimegusa jambo ambalo wataalamu walichukua miaka mingi kuliona. Zamani walikuwa wanawapima vijana na wazee siku moja, wakaona wazee wako chini sana, wakahitimisha kwamba akili huanguka tangu miaka ya thelathini. Mwaka 1956 K. Warner Schaie alianza utafiti kule Seattle, Marekani, akawa anawarudia watu walewale kila baada ya miaka saba. Picha ikabadilika. Sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa tofauti ya vizazi: shule, chakula, matibabu. Ukimfuata mtu mmoja, uwezo wake mwingi hukaa vizuri hadi karibu na sitini, na wengine hupita sabini bila kupungukiwa sana. Wepesi ndio hutangulia kuondoka.

Jambo hili linagusa Uganda yetu moja kwa moja. Mimi nilizaliwa mwaka 1966. Vita vya 1979 vilinikuta darasa la sita, nikakaa nyumbani mihula miwili, nikamalizia la saba kwa shida na shule ikaishia hapo. Wandera ni mtoto wa elimu ya msingi bila malipo iliyoanza 1997. Ukitukalisha mezani na karatasi moja, unachopima ni historia ya nchi pamoja na ubongo wa kila mmoja, na huwezi kuvitenganisha. Nasikitika kuona vijana wakiwakatia tamaa wazazi wao kwa sababu wanashindwa kutumia simu upesi. Ukikaa na mzazi wako wiki tatu, bila kumnyang'anya simu kila akikosea, atajifunza. Mimi kuandika hesabu za stoo kwenye simu kulinichukua wiki tatu hasa. Wandera alijifunza jioni moja. Leo anazifungua mara chache; mimi kila siku.

Lakini kilichonibadilisha hasa si Cattell wala Schaie. Wandera alipokuwa anaongea, nilikumbuka mwaka 1987, na nikaona aibu niliyokuwa sijaiona kwa miaka thelathini na moja.

Nilikuwa na miaka 20, nakaribia 21. Kibanda kilikuwa cha mama. Bei zilikuwa zinapanda kila wiki, noti zinabebwa kwa mifuko. Mama alikuwa na akiba ya shilingi 400,000 za wakati ule. Mfanyabiashara mmoja wa sabuni akaja Februari akitaka akopeshwe zote, atarudisha 520,000 mwisho wa Mei. Mimi nilikuwa mwepesi mno. Kabla hajamaliza kusema nilishapiga: faida 120,000, asilimia 30 kwa miezi mitatu, bila kunyanyua gunia. Mama, akiwa na miaka 47, alikuwa anahesabu kwa vidole, tena polepole, midomo ikicheza. Alimtazama yule bwana usoni kwa muda. Akamwuliza habari za watoto wake. Kisha akasema hapana.

Pesa zote akanunua maharagwe na chumvi. Nilikasirika mpaka nikaokota kipande cha mkaa, nikaandika mlangoni kwa ndani, namba kubwa: 120,000. Nilitaka kila akifungua kibanda aone alichotupotezea. Hakufuta. Hakusema kitu ila mara moja tu, akiwa anachambua maharagwe kwenye ungo, bila kunitazama: "Wewe hesabu pesa, mwanangu. Mimi nahesabu watu na majira."

Mei ikaja badiliko la sarafu. Shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu yake serikali ikakata kodi ya asilimia 30. Soko lilichanganyikiwa. Wazee walikuja kwangu na vifurushi vyao niwaambie wamebakiwa na nini. Ondoa sufuri mbili, toa thelathini kwa mia. Akiba yangu mwenyewe niliyoficha chini ya godoro, 90,000, ikawa 900, ikawa 630. Nilisifiwa na soko zima kwa wepesi wangu, na nilitembea kifua mbele. Hesabu moja tu ndiyo sikuipiga. Ile 520,000 ya mtu wa sabuni, kama kweli angelipa, ingekuwa 5,200, halafu 3,640. Ile 400,000 ya mama ingetoka ikiwa pungufu kuliko ilivyoingia. Mama hakuwa na noti. Alikuwa na magunia, na magunia hayakatwi kodi ya noti, na bei yake ilikuwa imepanda.

Hakujua kwamba sarafu itabadilishwa. Hakuna aliyejua. Ila alikuwa ameona maduka ya Wahindi yakinyang'anywa 1972, ameona vita vya 1979, ameona serikali zikija na kuondoka, na mwili wake ulijua kwamba wakati wa namna ile usishike karatasi. Ukimwuliza sababu asingeweza kuieleza vizuri. Mimi niliyeweza kueleza kila kitu nilikuwa nimekosea. Na sikuwahi kumwambia kwamba nimekosea, kwa sababu wakati ule sikuuona uhusiano. Niliona tu kwamba mama ni mzito wa hesabu.

Baada ya Wandera kurudi Kampala nilibadilisha kazi yangu. Niliacha kujilazimisha kuwa wa miaka 20. Biashara kubwa nafanya asubuhi, kichwa kikiwa kipya. Mteja mmoja kwa wakati mmoja. Simu ikilia inalia. Namba nikishaipata naiandika kabla sijafungua mdomo, na mteja anaiona kwa macho yake. Kila asubuhi naandika kwenye kipande cha boksi elfu moja ya Kenya ni ngapi, elfu tano ni ngapi, elfu kumi ni ngapi, nakitundika. Tangu hapo sijabadilisha saba na sita tena. Wandera aliniambia kuna utafiti wa Timothy Salthouse wa mwaka 1984 kuhusu wapiga chapa. Wale wenye umri mkubwa vidole vyao vilikuwa vizito vikipimwa peke yake, lakini kwenye kuchapa walikwenda sawa na vijana, kwa sababu macho yao yalisoma herufi nyingi zaidi mbele ya zile wanazozigonga. Nilimwelewa kabla hajamaliza. Mimi huanza kuulizia mvua ya wilaya za Bugiri na Mayuge mwezi wa tatu, nani amepanda nini, nani amenunua maturubai. Kufikia Julai, malori yanapoingia, maamuzi yangu mengi yameshafanyika.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, malori yalipanga foleni barabarani hapa. Baada ya siku chache ikafungua, lakini kwa masharti: cheti, na sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wenzangu wengi walihangaika miezi mingi. Mimi nilikuwa na wakulima niliokuwa nawaongezea bei kidogo kwa miaka, wanaoanika juu ya turubai na si juu ya udongo, na wanaokubali mahindi yao yatikiswe kwenye chupa na chumvi kavu. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi, rudisha yakauke. Ikianguka chini yote, tunapima mzani. Wepesi wa kichwa haukunisaidia kwa lolote siku zile.

Mama yangu bado yuko. Jina langu hulipata siku nyingine, siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Huo ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na sitaupamba. Wandera aliniambia kwamba tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari yake, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia vizuri, kuona vibaya na upweke, na kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Nikampeleka akapimwe masikio na macho. Kwa masikio tulikuwa tumechelewa, lakini alipopata miwani alianza tena kukaa barazani na watu. Ukimwekea ungo wa maharagwe mapajani, vidole vyake vinaanza vyenyewe. Punje iliyotobolewa na mdudu hata kwa tundu la sindano inatupwa. Mimi hupitia ungo baada yake nikitafuta aliyoikosa, na sijaipata.

Mjukuu wangu Nekesa ana miaka 16 sasa. Shule zilipofungwa Machi 2020 alikuwa na 11, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, hivyo karibu miaka miwili alikuwa nami sokoni. Kichwa chake ni upanga. Msimu huu uliopita alikuja mtu na lori, magunia 40 ya mahindi, gunia kilo 100, anataka 850 kwa kilo. Siku ile tulikuwa na mnunuzi wa 1,000. Yule bwana hajazima hata injini, Nekesa akaninong'oneza, "Kukhu," yaani bibi, "faida laki sita." Ilikuwa sawa kabisa.

Nilifungua gunia la pembeni, mahindi mazuri, meupe. Nikachoma bambo, punje zikatoka kavu. Nikamwambia mpagazi ashushe yale ya safu ya tatu. Nikavua saa, nikapenyeza mkono hadi kwenye kiwiko. Katikati kulikuwa na joto, dalili ya unyevu. Joto dogo tu, kama la mgongo wa mtoto aliyelala. Nikauliza yalianikwa wapi, akasema kwenye sementi, kwa haraka kidogo kuliko swali lenyewe. Nikamshukuru, nikamwambia aende salama.

Nekesa hakuongea nami hadi jioni. Mzigo ule alinunua mtu mwingine, uliishia wapi hatujui. Asubuhi nilipokwenda kuandika kiwango cha siku, nilikuta kwenye boksi langu, kwa kalamu nene, 600,000, na mstari chini yake. Nikageuza boksi, nikaandika kiwango upande wa pili, na nikalitundika. Ile namba bado iko nyuma yake. Sijamuuliza, wala sitaifuta.